Picha ya gofu la boti Kigoma jua likizama: mwongozo wa kuacha shata wazi

Sehemu kubwa ya pwani ya Tanzania Bara inatazama mashariki. Mtu wa Dar es Salaam anayetaka jua na maji kwenye fremu moja huamka alfajiri. Kigoma mambo ni kinyume: ziwa liko magharibi, na kila jioni jua linashuka juu ya Tanganyika na kupotelea nyuma ya milima ya Kongo. Weka mbele ya jua hilo gofu la boti ya mbao, mataruma (mbavu zake) yamebaki wazi, maji yanaingia upande huu na kutokea ule, na una kila kitu unachohitaji kwa picha ya shata ndefu: kitu kimoja kisichosogea na vingine vyote vinavyosogea.

Shata ni kipazia cha kamera kinachopitisha mwanga, na kuiacha wazi ni hivyo tu. Badala ya kamera kunasa sehemu ndogo ya sekunde, unaiachia sekunde 5, 15 au 60. Mawimbi yanalainika, mawingu yanavutika, gofu linabaki kali. Miongozo mingi ya kazi hii imeandikwa na watu wa nchi za mbali na ikweta, kwenye bahari zenye mawimbi marefu, na machweo yao yanakokota. Ukifuata namba zao hapa utashangaa giza limekukuta bado unabadilisha filta. Kigoma iko nyuzi karibu 5 kusini mwa ikweta, jua linashuka karibu wima, na tangu lizame mpaka giza lianze kushika ni kama dakika 21. Ndani ya muda huo mwanga unapungua nusu kila baada ya dakika 3 hivi. Kwa hiyo maamuzi yote yafanyike jua likiwa bado juu. Likishazama, unabonyeza na kusubiri tu.

Hatua ya 1: Tafuta gofu lililokita

Chombo kisitikisike. Boti iliyofungwa kwa kamba ikielea haifai, hata iwe nzuri namna gani, kwa sababu kwa sekunde 15 omo, yaani sehemu yake ya mbele, itapanda na kushuka mara kadhaa na utapata boti yenye ukungu. Unataka boti iliyopwelewa, mkuku (uti wake wa chini) umezama mchangani au umekaa juu ya mawe. Kuna njia rahisi ya kupima. Simama tuli, linganisha ncha ya taruma moja na kitu kisichosogea nyuma yake, mfano jiwe au kilele cha mlima wa ng'ambo, kisha hesabu mawimbi kumi. Ncha ikibaki palepale, umepata. Ikicheza hata kidogo, tafuta nyingine, au rudi siku ambayo ziwa limetulia.

Mialo, yaani fukwe za wavuvi, ya Kibirizi, Katonga na Ujiji ndiko pa kuanzia kutafuta, kwa sababu boti za mbao zinatengenezwa, zinafanyiwa ukarabati na kuzeeka kwenye ufukwe uleule. Usitafute lililo kamili. Boti ambayo mbao za ubavuni zimeng'olewa na mataruma yamebaki peke yake hupiga picha nzuri kuliko boti nzima iliyochakaa, maana mwanga wa machweo unapita katikati yake. Gofu la chuma nalo ni zuri, ila kutu huonekana jeusi tupu jua likiwa nyuma yake. Hilo litahitaji tochi, nitalifikia mbele.

Jambo moja linalorahisisha kazi: ziwa halina maji kupwa na maji kujaa kama bahari. Ukilikuta gofu limezama hadi nusu yake saa 10 jioni, saa 1 usiku litakuwa hivyohivyo. Anayepiga Bagamoyo hana raha hiyo. Lazima asome jedwali la maji kwanza. Lakini ziwa hubadilika kwa msimu. Hupanda na mvua hadi karibu Mei, kisha hushuka taratibu hadi Oktoba au Novemba. Na kuna miaka linapanda kweli. Kuanzia 2020 maji yalisogea mno, yakafunika fukwe na kuingia kwenye makazi na majengo ya mialo. Gofu uliloonyeshwa na mtu mwaka juzi likiwa nchi kavu huenda sasa limezungukwa na maji, jambo ambalo kwetu ni heri. Nenda kaangalie mwenyewe mchana, siku moja kabla.

Hatua ya 2: Omba ruhusa, kwa sababu gofu lina mwenyewe

Mgeni akiona mbao zilizooza hudhani zimetupwa. Kwenye ziwa hili usidhani hivyo. Mfano ni meli ya Liemba. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande hadi Dar es Salaam na kusafirishwa kwa reli hadi Kigoma, ikaingia majini mwaka 1915. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe ili isiangukie mikononi mwa adui, lakini mafundi walipaka mitambo grisi kwanza. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Vizazi vya abiria wa ziwa hili vimesafiri ndani ya meli iliyokwisha kulala chini ya maji. Kwa hiyo mzee anayemiliki ile boti iliyolala Katonga anaweza kuwa bado anaihesabia mbao, misumari, hata mkuku.

Ukifika mwaloni, waone kwanza viongozi wa BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa mwalo, nao watakuelekeza kwa mwenye chombo. Maneno hayahitaji kuwa mengi: "Shikamoo mzee. Naitwa fulani, mpiga picha. Naomba kupiga picha ya boti ile iliyolala pale, jioni jua likizama. Sitapanda wala kusogeza kitu." Kutosogeza kitu ni ahadi, itimize. Akikuambia boti hiyo ilipinduka na watu na ndugu wanaishi hapo jirani, sikiliza mpaka mwisho, na akisema iache, iache. Ziwa limechukua watu wengi, na picha inaweza kupatikana kwenye gofu jingine.

Ukitembea ufukweni angalia unapokanyaga. Dagaa walioanikwa mchangani ni mali na chakula cha mtu, na nyayo za stendi ya kamera zinaweza kuwaharibu kama viatu. Pita pembeni, msalimie mama anayewageuza, mwambie unakwenda wapi. Utakuwa hapo gizani na kamera. Ni vizuri watu wa pale wawe wanakujua.

Eneo la bandari ni habari nyingine. Usielekeze kamera kwenye gati, boti za doria au mitambo bila kibali cha Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari. Maelezo kwamba unapiga machweo tu hayatakusaidia.

Hatua ya 3: Chagua siku na saa

Kigoma na Dar es Salaam zinatumia saa moja lakini jua si moja. Huku linazama kama dakika 40 baadaye. Mwanzoni mwa Novemba huzama kabla kidogo ya saa 1 jioni, na katikati ya Februari huchelewa hadi saa 1 na dakika 20 hivi. Programu za simu zitakupa dakika kamili, ila zinahesabu upeo wa macho ulio tambarare. Sisi mbele yetu kuna milima ya Kongo, kwa hiyo jua litajificha dakika chache kabla ya muda uliotajwa.

Mahali linapozama pia panahama. Juni linazama upande wa kaskazini-magharibi, Desemba limevuka kwenda kusini-magharibi, na tofauti kati ya hizo mbili ni nyuzi 47 hivi. Gofu ambalo Juni jua linaanguka katikati ya mataruma yake, Desemba litakuwa na jua pembeni kabisa. Kama uko ndani ya ghuba ya Kigoma, hakikisha kilima cha rasi hakikukatii jua mapema kwa msimu huo. Kompasi ya simu inatosha kupima.

Kuhusu hewa, nina upendeleo na nitausema wazi. Kiangazi, hasa kuanzia Julai hadi Septemba, moshi wa mioto ya nyika na vumbi hujaa angani. Milima ya Kongo inapotea na jua linakuwa duara jekundu linaloyeyuka kabla ya kugusa chochote. Wengi wanalipenda jua hilo. Kwa shata ndefu mimi nachagua vipindi vya mvua, yaani Novemba na Desemba, kisha Machi na Aprili, siku ambayo mvua imenyesha mchana ikakatika alasiri. Hewa imeoshwa, mstari wa milima ya ng'ambo unaonekana, na mawingu yaliyobaki yanashika rangi kutoka chini baada ya jua kuzama. Mawingu ndiyo yanayofanya anga la sekunde 60 liwe na kitu cha kusema. Anga tupu, hata uache shata wazi dakika 5, ni tupu tu.

Mvua ina upande wake wa hatari. Kigoma ina radi nyingi. Radi ikiwa mbali juu ya Kongo, bila mngurumo kukufikia, shata ndefu huikamata vizuri sana. Ukisikia mngurumo, kunja stendi na uondoke ufukweni. Usimalizie ile ya mwisho.

Mwezi nao una maana hapa kuliko sehemu nyingine. Wavuvi wa dagaa huwavuta samaki kwa taa, na usiku wa mwezi mpevu taa hazina nguvu, hivyo wengi hubaki nchi kavu. Ukitaka mstari wa taa za wavuvi nyuma ya gofu lako, nenda siku za mwezi mchanga au giza. Ukitaka gofu lenyewe limulikwe taratibu kwa mbele, nenda siku ya mwezi mpevu: unachomoza mashariki, nyuma ya mgongo wako, wakati jua linazama mbele yako. Utasubiri mwezi huo upae juu ya vilima vya mji, na mwanga wake utaanza kuonekana kwenye picha yapata dakika 40 baada ya jua kuzama. Kumbuka pia kuuliza kama ziwa limefungwa. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, na kipindi kama hicho hakuna taa za kungojea.

Hatua ya 4: Vifaa

Kamera yoyote inayokuruhusu kuweka shata, tundu la lenzi na ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) kwa mkono inatosha. Lenzi iliyokuja na kamera, ile ya milimita 18–55, ukiitumia kwenye 18 hadi 24, itafanya kazi yote. Simu nyingi za Android zina modi ya kitaalamu inayoacha shata wazi hadi sekunde 30; ukipata kibanio cha kuishikiza kwenye stendi, umo.

Stendi ndiyo ya kutolea fedha. Nyepesi ya plastiki itatetemeka na upepo wa ziwa, na hakuna programu itakayoondoa mtetemo huo.

Filta ya ND ni kioo cheusi kinachopunguza mwanga ili shata ikae wazi zaidi. Nguvu yake huhesabiwa kwa stopu, na kila stopu moja inaongeza muda mara mbili. Maduka husifia ya stopu 10. Kama fedha yako ni ya filta moja, nunua ya stopu 6. Sababu ni mawimbi yetu. Mawimbi ya bahari hupishana kwa sekunde nyingi, kwa hiyo maji yake huhitaji nusu dakika na zaidi kulainika. Mawimbi ya ziwa yanayosukumwa na upepo wa jioni ni mafupi, yanafuatana upesi, na sekunde 8 hadi 15 zinatosha kuyalaza. Stopu 6 zinakufikisha hapo hasa wakati rangi zimeiva, na unapata picha nyingi zaidi ndani ya zile dakika 21.

Huna filta? Kuna kioo cheusi cha kuchomelea, kile kinachovaliwa na mafundi wa vyuma. Kinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi kwa bei ndogo. Kifunge mbele ya lenzi kwa raba bendi, kikae sawa bila kuinama. Kitaipa picha rangi ya kijani kali, hivyo piga faili la RAW, yaani picha ghafi, urekebishe baadaye, au kusudia kabisa picha ya nyeusi na nyeupe, ambayo gofu la boti huipenda. Nguvu yake ipime nyumbani: piga ukuta bila kioo, kisha piga na kioo ukiongeza muda hadi mwanga ulingane. Kama bila kioo ni sekunde 1/60 na kwa kioo ni sekunde 20, kioo chako kinaongeza muda mara 1,200, yaani zaidi kidogo ya stopu 10.

Beba pia kitambaa laini kikavu, tochi, betri ya pili, mfuko mtupu, na viatu vyenye soli ngumu.

Hatua ya 5: Fika saa moja na nusu kabla

Muda huo si wa kupiga picha, ni wa kutembea. Lizunguke gofu bila kulikaribia sana. Misumari ya boti ya zamani imelala mchangani ikiwa na kutu, na pepopunda ni ugonjwa wa kweli. Usipande ndani, mbao zilizolowa miaka zinaonekana nzima na kumbe si nzima. Usiingie majini pia kutafuta pembe nzuri. Kuna kichocho sehemu za ziwa, kuna nyoka wa maji wanaojificha kwenye mawe, na kuna mahali pa mamba na viboko. Waulize wavuvi, wanajua ni wapi na saa ngapi.

Ukipata mahali, chimbia miguu ya stendi mchangani hadi ikatae kushuka. Mchanga unaofikiwa na wimbi utaendelea kuzama polepole chini ya mguu, na kuzama kwa unene wa kucha kunatosha kuharibu sekunde 30. Weka jiwe bapa chini ya kila mguu, au rudi nyuma hatua mbili. Ule mfuko mtupu ujaze mchanga na uutundike katikati ya stendi, uguse ardhi kidogo ili usiyumbe. Usinyooshe nguzo ya katikati. Kama unataka kimo, refusha miguu. Na kama una kitulizo cha mtetemo kwenye lenzi, kizime, kwa sababu juu ya stendi kinaweza kuleta mtetemo chenyewe.

Hatua ya 6: Panga fremu

Anza na mstari wa upeo, uwe sawa. Maji yaliyolala yanaonyesha kila upogo.

Halafu tazama mahali gofu linapokutana na milima ya Kongo. Kosa linaloua picha nyingi ni kuruhusu mstari wa milima ukate ncha za mataruma. Vyote viwili vitakuwa vyeusi na vitaungana kuwa doa moja. Shusha kamera hadi mataruma yapande juu ya milima na kuchorwa kwenye anga, au ipandishe hadi gofu zima likae ndani ya maji yenye kung'aa. Sentimita 30 za kimo hubadilisha picha yote. Mimi hushusha, karibu kila mara, kwa sababu mataruma yaliyo wazi dhidi ya anga husomeka hata kwenye skrini ndogo ya simu.

Acha maji upande ambao omo inatazama. Boti, hata iliyokufa, ina mwelekeo, na ukibana mbele yake jicho linagonga ukuta. Jua lenyewe lisikae katikati ya fremu. Likizibwa na taruma moja, mwanga wake utachomoza pembeni na lenzi haitapigwa na mng'ao mkali. Na usilitazame jua kwa jicho kupitia kitazamio cha kamera yenye kioo ndani (DSLR). Tumia skrini.

Sasa weka fokasi kwenye gofu, kwenye ubavu ulio karibu nawe zaidi, kisha hamisha lenzi kwenda fokasi ya mkono na uibandike gundi ya karatasi isisogee. Hili lifanyike kabla ya kuvisha filta. Ukishavisha, kamera haioni kitu.

Hatua ya 7: Hesabu ya mwanga

Weka ISO 100, tundu la lenzi f/11 (namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo), faili RAW. Mizani ya rangi iwe ya mchana, isiwe otomatiki. Otomatiki itajitahidi kufuta rangi ya dhahabu na ya buluu ulizozifuata. Ukipita f/16 picha inaanza kulegea ukali, kwa hiyo usifunge tundu kupita hapo ili kutafuta muda. Muda utafutwe kwa filta.

Pima mwanga bila filta, kisha zidisha. Kwa stopu 6 zidisha kwa 64, kwa stopu 10 zidisha kwa 1,024:

- 1/60 inakuwa sekunde 1 kwa stopu 6, sekunde 17 kwa stopu 10
- 1/15 inakuwa sekunde 4, au dakika 1 na sekunde 8
- 1/8 inakuwa sekunde 8, au dakika 2 na sekunde 8
- 1/4 inakuwa sekunde 16, au dakika 4 na sekunde 16

Ziandike kwenye karatasi. Kuzidisha gizani huku rangi zinakimbia ni mateso.

Muda uchague kwa kutazama maji, si kwa kutamani namba kubwa. Nusu sekunde hadi sekunde 1 huacha michirizi ya wimbi likirudi ziwani, na kama wimbi linapita katikati ya mataruma, michirizi hiyo inaonyesha kwamba maji bado yanaifanyia kazi boti ile. Kwangu hiyo ndiyo picha yenye uhai kuliko zote. Sekunde 8 hadi 15 huleta maji laini yenye ukungu kidogo kuzunguka mbao. Dakika nzima hufanya ziwa liwe bapa kabisa na mawingu yavutike. Ni nzuri kwa gofu lililosimama peke yake mbali na ufukwe, lakini kwa gofu lililo kwenye mawimbi inaondoa habari yote.

Zaidi ya sekunde 30, kamera nyingi zitakutaka uingie modi ya B, ambayo shata hubaki wazi hadi uifunge mwenyewe, na kutumia rimoti. Chini ya hapo, kipima muda cha sekunde 2 kinatosha ili mkono wako usitikise kamera.

Zima pia kile kipengele cha kamera kinachosafisha chembechembe za shata ndefu. Baada ya picha ya dakika 1, hukaa dakika 1 nyingine kikifanya kazi na kamera imefungwa. Kwenye machweo ya dakika 21, umepoteza nusu ya jioni.

Hatua ya 8: Dakika 21

Jua likiwa bado juu ya milima, piga chache za kivuli cheusi, tundu f/11, na filta. Angalia histogramu, ile grafu ya mwanga kwenye skrini: anga lisigonge ukuta wa kulia. Gofu kuwa jeusi hapa ni sawa, umbo lake ndilo linalosema.

Jua linapopotea, watu wengi hukunja stendi. Usikunje. Rangi bora huja dakika 5 hadi 15 baadaye, mwanga unapoyapiga mawingu kutoka chini ya upeo na tofauti kati ya anga na gofu inapungua kiasi cha kuonyesha mbao zenyewe. Hapo piga bila kusita, ukiongeza muda mara mbili kila dakika 3. Huna haja ya kupima upya kila mara: kama ya mwisho ilikuwa sekunde 4, dakika 3 baadaye ni 8, halafu 15, halafu 30. Kwa picha ya dakika 2 na zaidi, mwanga unapungua hata ndani ya picha yenyewe, kwa hiyo ongeza nusu ya muda uliouhesabu.

Ukifika sekunde 30 na bado picha ni nyeusi, ondoa filta. Stendi usiiguse. Sasa giza lenyewe limekuwa filta, na mwenye simu bila kioo chochote naye anaanza kupata sekunde zake.

Futa lenzi kati ya picha na picha. Matone ya ziwa hayana chumvi ya kula chuma kama ya bahari, lakini tone moja mbele ya lenzi pana linaacha doa ambalo hutaliona hadi nyumbani.

Hatua ya 9: Tochi na taa za wavuvi

Anga likiwa buluu nzito, fungua tundu hadi f/8, shata sekunde 30, na umulike gofu kwa tochi. Siri ni kusimama pembeni, si nyuma ya kamera. Mwanga wa kutoka mbele unalibapiza gofu. Wa kutoka ubavuni unaamsha kila ufa, kila tundu la msumari, na kwa gofu la chuma unairudisha rangi ya kutu. Pitisha mwanga taratibu kutoka omo hadi tezi (nyuma) kwa sekunde 3 hadi 5, kisha zima. Mkono usitulie mahali pamoja. Tochi ya simu ni nyeupe ya baridi. Balbu ya njano huendana vizuri zaidi na mbao. Usimulike kuelekea ziwani, kuna watu wanaendesha boti gizani na macho yao yamezoea giza.

Wakati huo taa za wavuvi, karabai zamani na sasa nyingi za sola, zinaanza kutawanyika. Zilizo karibu zitachora michirizi, za mbali zitabaki nukta. Zote mbili zinafaa. Kama boti moja inavuka fremu nzima, funga shata kabla haijafika kwenye gofu, la sivyo mstari wa taa utapita juu ya mataruma.

Hatua ya 10: Nyumbani

Nakili mafaili kwanza mahali pawili. Kwenye programu ya kuhariri, mfano Snapseed kwenye simu, nyoosha upeo, inua vivuli kidogo tu, na acha anga lilivyo. Vinukta vyekundu na buluu vilivyotokana na shata ndefu vifute kimoja kimoja. Vikiwa vingi, tumia kisafisha chembechembe cha programu. Kama ulipiga kadhaa za sekunde chache bila kusogeza stendi, unaweza kuzipandanisha kwa kuchukua wastani wake na maji yatalainika karibu sawa na picha moja ndefu, njia inayowafaa sana wenye simu. Picha moja ichapishe au itume kwa mwenye boti, na ukiiweka mtandaoni taja mwalo, usitaje jina lake bila idhini yake.